Leukerbad na Bibi na Watoto: Siku Nne katika Hoteli ya Maji ya Moto

Mama yangu mzazi ni mtu wa Tanga, na tangu utotoni anaijua chemchemi ya Galanos, karibu na Amboni, ambako maji hutoka ardhini yakiwa ya moto na yenye harufu kali ya kiberiti, na wenye maumivu ya viungo au magonjwa ya ngozi huenda kuyaoga. Alipokuja kututembelea Bern, mji mkuu wa Uswisi tunakoishi, mwezi Machi, tulitafuta mahali ambapo yeye, mume wangu, mimi na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka minne, tungepumzika pamoja kwa siku nne, na sikuona pa kumpeleka pengine isipokuwa Leukerbad.

Leukerbad ni mji mdogo unaozungumza Kijerumani katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, uliojengwa mita 1,411 juu ya usawa wa bahari chini ya kuta za mawe zilizosimama wima pande tatu. Kila siku takribani lita milioni 3.9 za maji ya moto hutoka katika ardhi yake, na chemchemi kubwa kuliko zote, iitwayo St. Lorenz, hutoa maji ya nyuzi joto 51, hivyo ni lazima yapoozwe kabla mtu hajaingia. Mama aliinama, akayanusa, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hayanuki?" Swali lake lilikuwa la haki. Maji ya Leukerbad yamebeba chokaa na salfeti, yaani madini yaleyale yanayotengeneza jasi, nayo hayana harufu, ilhali harufu ya Galanos inatokana na gesi ya salfa inayopanda pamoja na maji. Baada ya kuelezwa hivyo aliingia bwawani akiwa ametulia, na kwa siku nne hatukuweza kumtoa bila kumbembeleza.

Safari yenyewe ni nyepesi. Kutoka Bern treni hupita katika handaki la Lötschberg, lenye urefu wa kilomita 34.6 na lililofunguliwa mwaka 2007, ikafika Visp kwa muda usiozidi saa moja. Hapo hubadilishwa treni hadi Leuk, kisha basi hupanda kona kwa kona kwa takribani nusu saa. Mtoto wa chini ya miaka sita halipi nauli, na wa miaka sita hadi kumi na sita akisafiri na mzazi hukatiwa kadi ya faranga 30 inayodumu mwaka mzima. Mwenye kichefuchefu cha kona akae mbele ndani ya basi.

Hoteli tuliyofikia sitaitaja, kwa kuwa nina mambo ya kuilaumu na sipendi malalamiko ya familia moja yageuke hukumu juu ya riziki ya watu. Ni hoteli ya ukubwa wa wastani, inayojitangaza kuwa ya kifamilia, yenye bwawa la ndani, bwawa la nje la nyuzi joto 36, sehemu ya sauna, yaani chumba cha joto kali cha kutolea jasho, na ya mvuke, chumba cha michezo ya watoto, na bei inayojumuisha kifungua kinywa na chakula cha jioni. Vyumba vilikuwa safi kabisa, vitanda vizuri, na kutoka kwenye roshani mtu huona ukuta wa mlima wa Gemmi ukibadilika rangi jua linapozama. Bwawa la nje ndilo lililotuvuta. Kukaa ndani ya maji ya moto hadi shingoni huku theluji ikianguka juu ya nywele na mvuke ukificha milima ni jambo ambalo picha za matangazo haziwezi kulieleza, na binti yangu mdogo alifumba macho na kutoa ulimi ili aionje.

Tatizo letu kubwa lilianza jioni ya kwanza. Saa kumi na mbili kamili mhudumu alikuja kutuarifu, kwa adabu lakini bila nafasi ya mazungumzo, kwamba watoto hawaruhusiwi tena katika bwawa la nje hadi kesho yake saa tatu asubuhi. Naelewa kwamba wako wageni wanaotafuta utulivu, na ni haki yao kuupata. Nisichokubaliana nacho ni kwamba kanuni hiyo haikuwamo katika maelezo tuliyosoma wakati wa kuweka nafasi, ilhali picha iliyotangulia maelezo hayo ilionyesha mtoto ndani ya bwawa lilelile, usiku, taa zikiwaka. Kwa familia iliyotoka mlimani saa kumi na moja, kanuni hiyo maana yake ni kwamba bibi anaoga peke yake na wajukuu wanamtazama kupitia kioo. Sisi tulikwenda kwa ajili ya kukaa katika maji yaleyale, vizazi vitatu, na hoteli inayojiita ya kifamilia ilipaswa kulifikiria hilo kabla ya kufikiria rangi za chumba cha michezo.

Isitoshe, tuliahidiwa vyumba viwili vilivyounganishwa kwa mlango, tukapewa vilivyo katika ghorofa mbili tofauti. Meneja alituomba radhi na siku ya pili tukahamishwa, ila usiku wa kwanza mama alilala mbali nasi katika nchi asiyoijua lugha yake, na hilo halikunifurahisha hata kidogo.

Kuhusu stara, nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndilo jambo ambalo jamaa wengi huniuliza. Kabla ya kulipia niliandika barua pepe nikiuliza kama mama anaweza kuingia bwawani akiwa na vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa. Nilijibiwa kwamba inaruhusiwa mradi kitambaa chenyewe kiwe cha kuogelea, na kweli hakuna aliyemsumbua. Sauna ni habari nyingine. Katika sehemu za Uswisi zinazozungumza Kijerumani ni desturi watu kuingia sauna bila nguo yoyote, wanaume kwa wanawake pamoja, kwa hiyo asiyetaka asifungue mlango ule kwa kubahatisha. Hoteli yetu ilikuwa na asubuhi moja ya wanawake pekee, jambo zuri ambalo halikuandikwa popote na tuliambiwa tu na mama mmoja wa usafi. Vyooni hakuna maji ya kutawazia. Chukueni kopo lenu.

Chakula cha jioni kilikuwa kingi na kilipikwa kwa uangalifu. Nyama ya nguruwe huonekana mara kwa mara, lakini jikoni walipoelezwa walituandalia samaki na mboga bila manung'uniko. Raclette, ile jibini ya Valais inayoyeyushwa na kumwagwa juu ya viazi vya kuchemsha, ilimpendeza kila mtu. Fondue, ile jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate, tuliiacha, maana kwa kawaida jibini yake hupikwa na mvinyo mweupe, na si kila mhudumu hukumbuka kulisema.

Nje ya hoteli tulipanda Gemmi kwa gari la kebo, hadi zaidi ya mita 2,300, ambako ziwa la Daubensee lilikuwa limeganda na watu wakitembea juu yake. Mama alibaki mjini siku hiyo. Ana shinikizo la damu, na daktari wake alikuwa amemwonya asichanganye kimo hicho na maji ya moto, wala asizidishe dakika ishirini bwawani bila kupumzika.

Nilimsimulia pia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwandishi Mmarekani mweusi James Baldwin aliishi katika mji huu, katika nyumba ya familia ya rafiki yake, akamalizia hapa riwaya yake ya kwanza, na kwamba watoto wa mji huo walikuwa wakimpigia kelele kwa rangi yake. Mama alinyamaza kitambo. Wakati huo mwanangu mkubwa alikuwa chumba cha michezo na watoto wawili wa Kijerumani, wakibishana juu ya mpira, na sisi hatukukutana na neno wala jicho baya siku zote nne.

Siku ya tatu tuliachana na bwawa la hoteli tukaenda Leukerbad Therme, bafu la umma lenye mabwawa ya joto tofauti, ndani na nje, pamoja na mtelezo wa watoto. Huko hakuna aliyetutenganisha: mama alikaa na mjukuu wake mdogo mapajani hadi vidole vya wote wawili vikakunjamana. Tutarudi mwakani tukijaliwa, ila tutapanga nyumba ndogo ya kujipikia na kulipia kiingilio cha bafu hilo kila siku. Na atakayechagua hoteli aombe saa za watoto kwa maandishi, bwawa kwa bwawa, kabla hajatoa faranga hata moja.