KDP ya Amazon kwa sie tunaoandika Unguja na Pemba: nyota nne kwa wasomaji wa nje, mbili kwa wa hapa

Niseme mapema ili mwenye haraka asome hapa aondoke. Huduma ya kuchapa kitabu kwa oda ya Amazon, hii inayoitwa KDP, naipa nyota nne kama wasomaji wako wako London au Toronto, na naipa mbili kama wako Wete, Konde na Mwanakwerekwe. Mimi nnao wa pande zote mbili ndo maana nimeitumia na bado naitumia, ila hapa nyumbani kitabu hicho hicho nakitoa kwa njia nyengine kabisa, na nataka nieleze kwa nini, maana watu wanauziwa makozi ya "chapisha kitabu bure upate dola" na hakuna anaewaambia khabari ya msomaji alieko Micheweni anaetaka kitabu leo na mfukoni ana elfu tatu.

Kitabu chenyewe ni vitendawili na methali nilizozikusanya kwa bibi zetu wa Pemba, kaskazini hasa, kurasa 132, upande mmoja Kiswahili na upande wa pili maelezo ya Kiingereza kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa nje ambao Kiswahili wanakisikia kwenye simu ya bibi tu. Hii ya lugha mbili msiichukulie ndogo. KDP wana orodha ya lugha wanazozikubali, ya Kindle, yaani kitabu cha kusoma kwenye skrini, mbali na ya kitabu cha karatasi mbali, na lugha isiyokuwemo kitabu kinaweza kukataliwa, kwa hivyo alieandika Kiswahili kitupu aisome ile orodha kabla hajamlipa mtu wa kava.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Unafungua akaunti, unapandisha PDF ya ndani na PDF ya kava, unapanga bei, basi, hulipi kitu. Kitabu hakipo pahala popote mpaka mtu akinunue, akishanunua ndo mashine inakichapa, kinagundiwa, kinafungwa kinapelekwa kwake, na wewe huku uko zako Chukwani unapika. Vipimo wanabana lakini kwa haki: kwa kitabu kisichozidi kurasa 150 pambizo la ndani lisipungue inchi 0.375, picha ziwe dpi 300, yaani vidoti 300 kwa kila inchi, na maandishi ya mgongoni hayaruhusiwi mpaka kurasa zizidi 79. Hilo la mwisho wengi wenye vitabu vyembamba linawaumiza, kwa sababu kitabu chenye mgongo mtupu kikishapangwa kwenye shelfu hakijulikani cha nani.

Ubora sina neno. Karatasi ya krimu inapendeza machoni, wino umekolea, gundi imeshika. Ndugu yangu wa London kanunua kopi yake, mwanawe anaibeba skuli kila siku na bado iko nzima.

Sasa hesabu, hapa tusome polepole. Kwa bei za Marekani kitabu cha wino mweusi kikizidi kurasa 108 gharama ya kuchapa ni dola 1 jumlisha senti 1.2 kwa kila ukurasa, kwa hiyo changu cha kurasa 132 ni dola 2.58. Ukikiuza dola 9.99 wao wanakupa asilimia 60 kisha wanatoa hiyo gharama, unabakiwa na dola 3.41. Lakini tangu Juni 2025 ukishuka chini ya 9.99 asilimia inakuwa 50, maana'ake ukikitia dola 8 kwa huruma unabakiwa na 1.42 tu. Yaani umempunguzia mnunuzi dola mbili kasoro senti moja, wewe umepoteza dola mbili kasoro senti moja, wao wamepata kile kile hasa walichokipata mwanzo! Kwa hivyo usione haya, weka 9.99. Halafu ipo kodi. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani kwa hivyo kinachouzwa kule kinakatwa asilimia 30, ile 3.41 inabaki 2.39. Vinavyouzwa kwenye saiti yao ya Uingereza hiyo kodi ya Marekani haivigusi, ndo maana mimi jamaa wa London nawasisitiza wanunue kwenye saiti ya kwao wasiende ile ya Marekani. Pesa nayo haiji papo kwa papo, mauzo ya mwezi mmoja yanalipwa kama siku 60 baada ya mwezi kumalizika, mwenye ada ya skuli ya kulipa asiitegemee.

Nyota mbili sasa. Mashine zao ziko Marekani, Ulaya, Japani, Australia huko, Afrika Mashariki hakuna. Mwandishi anaruhusiwa kuagiza kopi zake kwa gharama ya kuchapa tu bila faida yao, inapendeza ukiisikia, lakini ukiweka anuani ya Zanzibar gharama ya kutuma inakipita kitabu chenyewe. Dola 2.58 kwa kukadiria dola moja shilingi 2,500 ni kama elfu sita na mia nne na hamsini, hapo bado mzigo haujaondoka. Ukija kuongeza usafirishaji utamuuzia nani hapa? Bibi alienipa vitendawili vyenyewe hawezi kukinunua kitabu chake. Mimi hilo ndo lililoniuma kuliko yote.

Nikaenda kwa wachapaji wa mjini wenye mashine za dijitali. Wa mwanzo, jina nalihifadhi, alinifanyia kitabu kizima kwa gundi na masika yale yale kurasa zikaanza kunyofoka, unyevu wetu huu wa baharini gundi isiyopata moto wa kutosha haiuwezi. Ndo nikafikiri: kwa nini kiwe kimoja? Kurasa 132 ukizigawa kwa tatu ni 44, na 44 inagawika kwa nne, kwa hivyo zinakaa sawasawa kwenye karatasi ya A4 iliyokunjwa, unabana pini mbili katikati, hamna gundi. Vitabu vitatu vidogo, kila kimoja shilingi elfu tatu. Jamani vinakwenda! Mtu anachukua cha kwanza, wiki ijayo mtoto mwenyewe anamvuta mama yake kutafuta cha pili.

Na muone tofauti ilivyo, hii mbinu kule KDP haina maana hata kidogo. Kitabu cha kurasa 44 kwao kinaingia kwenye gharama isiyobadilika ya dola 2.30, inayohesabiwa kwa kila kitabu cha kurasa 24 mpaka 108, kwa hiyo vitatu ni dola 6.90 mahala pa 2.58, na mgongoni huwezi kuandika jina. Kule kiwe kimoja kinene, hapa viwe vitatu vyembamba. Kazi moja, masoko mawili, usikubali mtu akwambie upange kwa mpango mmoja.

Wasomaji nao hawaji kwa sababu kitabu kiko Amazon. Amazon ni duka, halikutafutii watu. Mimi nilianza na grupu la WhatsApp kabla kitabu hakijakwisha, kila Alkhamisi usiku natuma voisi, kitendawili? wanajibu tega, natega, alieshindwa lazma anipe mji kama tulivyokuwa tukifanya barazani. Mtu yuko Muscat ananipa Chake Chake, nakataa, ananipa Mkoani, nakataa, ananipa Mji Mkongwe wote na Forodhani yake ndo namfungulia jawabu. Watu walikuwa wanawaita ndugu zao waingie ili tu wasikie mji gani umetolewa leo. Na kitabu kilifaidika, maana bibi mmoja wa Konde alituma voisi yake, "mwanangu jawabu hilo la watu wa Unguja, sisi huku lake jengine," nikayaandika yote mawili. Siku kitabu kinatoka watu wa grupu walikuwa wanakijua kama chao.

Tahadhari moja hapo. Ukitoa na nakala ya Kindle ukaiandikisha kwenye mpango wao wa KDP Select, kwa siku 90 hiyo nakala ya dijitali huruhusiwi kuiuza wala kuigawa kwengine, na kumtumia mtu PDF kwa WhatsApp ni kwengine. Sisi huku PDF inatembea kuliko miguu. Kitabu cha karatasi hakimo kwenye sharti hilo.

Pahala palipouza kuliko pote ni sikukuu. Idd watoto wana pesa zao mkononi, wameshapewa na maami na mashangazi, wako Mnazi Mmoja wanatafuta cha kununua, meza yangu ilikuwa karibu na wauza aiskrimu na pembeni natega kimoja bure, kuku wangu katagia mwibani, alietoa jawabu ni nanasi anapunguziwa mia tano. Mzee anaesimama kusubiri mtoto nae anajikuta anajibu. Pemba nilipeleka mzigo kwa boti, walimu wa skuli walichukua kwa ajili ya klabu za kusoma, na mwenye duka la steshenari Chake nampa kwa mali kauli, akiuza analipa.

Wa nje kazi yao ni nyengine, waandike maoni kwenye ukurasa wa kitabu. Mnunuzi asiekujua, Muingereza alieoa kwetu kwa mfano, anaangalia hapo kabla hajatoa pesa, na kitabu kisicho na neno hata moja anakipita. Mimi nawaomba waziwazi, mistari miwili tu, na waeleze mtoto wao alikipokeaje.

Khabari ya ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu: KDP wanakupa ya bure lakini inatumika kwao tu, huwezi kuihamishia kwa mchapaji mwengine. Nimeiacha kwa toleo la nje, na vya hapa vinataka namba zao, Tanzania zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kusajili kazi yako COSOZA, wale wa hakimiliki hapa Zanzibar, usingojee mpaka uone kopi za watu zinauzwa Darajani, na mswada ukiwa na lugha za lahaja kama wangu BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, waoneshe, wale watu wanaijua kazi yao.

Toleo la nje nabadilisha kava tu, liwe mat lisilong'ara, glosi ile ya kung'ara inashika alama za vidole. Hapa cha nne cha pini kinaingia mashineni kabla ya Idd inshallah, vitendawili vya bahari vitupu, na watu wa Kojani wenye vyao wanitumie voisi, jina la bibi litawekwa.