VNS ya mdogo wangu (kifafa kilichogomea dawa): nyota 4 kati ya 5

Naandika hii maana huku Mbeya familia zinazohangaika na kifafa ni nyingi na hiki kifaa cha VNS, kinachopiga umeme mdogo kwenye neva ya shingoni ili kupunguza kifafa, wengi hawajawahi hata kukisikia. Mdogo wangu katumia fenobabitoni, kabamazepini, baadae valproeti, anameza kwa wakati kabisa na bado anaanguka. Daktari akasema zikishashindwa dawa mbili zinazofaa kwa dozi sahihi hicho ni kifafa sugu, na kama theluthi ya wagonjwa wako hivyo, kwa hiyo wale majirani wa "amelogwa huyo" mnisamehe tu. Upasuaji wa kutoa kipande cha ubongo ukaonekana haumfai, ndo akawekewa VNS India.

Ni kiboksi cha betri kinakaa chini ya ngozi kifuani kushoto, waya unapita ndani kwa ndani mpaka neva ya vegasi shingoni (mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo), kichwa hakifunguliwi. Kwake kinapiga umeme mdogo sekunde 30 kinapumzika dakika 5, usiku na mchana. Marekani walishakiruhusu tangu 1997, kwa hiyo sio majaribio.

Kilichonikosha ni sumaku. Anaivaa mkononi kama saa, akihisi dalili kifafa kinakuja, kile kitu kinachompanda kutoka tumboni, anaipitisha pale kifuani, kifaa kinapiga mkupuo wa ziada na kuna siku kifafa kinakatikia hapohapo. Asipowahi, mama anampitishia. Zamani baridi ya mwezi wa sita hatuthubutu kumwacha peke yake na jiko la mkaa, aliwahi kuliangukia na kovu analo mpaka leo.

Sauti sasa. Kikiwaka inakwaruza, na yeye anaimba besi kwaya ya kanisani, katikati ya ubeti unasikia kabisa imebadilika halafu inarudi. Akishikilia sumaku juu ya kifaa kinanyamaza kwa muda, siku za kuimba ndo anafanya hivyo.

Hakijamponya, niseme ukweli. Kuanguka kumepungua zaidi ya nusu na kukija ni kufupi, ila ilichukua miezi, mwanzoni baba alishaanza kusema hela imeenda bure. Dawa bado anameza na msije mkaacha. Akitakiwa MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa) lazima aseme kwanza ana kifaa, na betri ikiisha baada ya miaka ni upasuaji mdogo tena.

Nyota niliyokata ni ya kuset. Nguvu inaongezwa kidogo kidogo kwa mashine maalum ya nje ya mwili, na hospitali tulizoulizia huku kwetu hiyo mashine hawana, hapo tumeteseka sana na nauli.

Wa Mbozi na Tunduma hasa, kabla ya yote mgonjwa apigwe CT scan ya kichwa, minyoo ya nguruwe ikiingia kwenye ubongo inaleta kifafa na ina tiba yake. Na mkiamua VNS, kabla hamjalipa hata shilingi ulizeni nani atakiset mkirudi nyumbani, wawatajie hospitali kwa jina, wakisema "tutaona" msikubali.