Uzoefu wangu wa kutafuta fedha za kigeni kabla ya safari na nikiwa safarini

Nimekwisha kununua noti za kigeni kwenye maduka ya kubadilishia fedha, nimetoa fedha kwenye mashine za benki za ugenini na nimetumia kadi ya kujaza fedha kabla ya safari, na kwa safari nyingi ninaipendelea mashine ya benki. Hata hivyo huwa siondoki bila noti chache za nchi ninayokwenda, za kutosha usafiri wa kwanza na mlo wa kwanza, kwa sababu mashine ya kwanza utakayoikuta inaweza kuwa haifanyi kazi au ikaikataa kadi yako.

Kuhusu maduka ya kubadilishia fedha, jambo ninaloliangalia kwanza ni pengo lililopo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, kwa kuwa humo ndimo faida ya duka ilimo. Bango linaloeleza kwamba hakuna kamisheni linaweza kuwa la kweli kabisa na bado mteja akalipa gharama kubwa kupitia bei yenyewe. Chukua sarafu ambayo bei yake ya kati sokoni ni 100: duka likiinunua kwa 96 na kuiuza kwa 104, msafiri anayeinunua na kisha kuirudisha bila kuitumia, hata kama bei haikusogea, hupoteza 8 katika kila 104 alizotoa, yaani zaidi ya asilimia 7, ingawa kwenye risiti yake hakuna makato yoyote. Ndiyo maana simuulizi mhudumu kuhusu kamisheni, bali namtajia kiasi nilichonacho na kumwomba anieleze nitaondoka na kiasi gani mkononi baada ya makato yote, kisha nauliza swali lilelile dukani kwa jirani yake. Maduka ya ndani ya viwanja vya ndege karibu kila mara yamenipa jibu dogo kuliko ya mjini, nami naelewa sababu: kodi ya pango ni kubwa, na abiria aliyekwisha kushuka hana pengine pa kwenda.

Noti zenyewe pia zinataka kukaguliwa kabla ya kuondoka dirishani. Serikali ya Marekani haifuti noti zake za zamani, lakini katika nchi nyingi wabadilishaji huzikataa dola za matoleo ya nyuma, zilizochanika au zilizoandikwa kwa kalamu, au huzinunua kwa bei ya chini, na noti ndogo za dola mara nyingi hupewa bei duni kuliko noti za 100. Kwa upande wa Uingereza, noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2022, na anayepewa noti hizo leo na mtu aliyezihifadhi nyumbani atalazimika kuzibadilisha kwanza kwa utaratibu wa benki kabla ya kuzitumia dukani.

Mashine ya benki hunipa bei iliyo karibu zaidi na ile ya soko, na bei zinazotumiwa na Visa na Mastercard huweza kuangaliwa kwenye tovuti zao siku yoyote. Lakini mashine hizo zina swali moja ambalo kila msafiri anapaswa kulijua kabla hajasimama mbele ya kioo: iwapo anataka akatwe kwa sarafu ya nyumbani kwake au kwa sarafu ya nchi aliyopo. Swali hilo huandikwa kwa namna inayoifanya sarafu ya nyumbani ionekane ndiyo salama, kwa sababu kiasi chake kinafahamika papo hapo. Ukweli ni kwamba ukiikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga bei, na huongeza faida yake humo. Mimi huchagua sarafu ya nchi niliyopo bila kusita, na pale kioo kinaponiuliza kama nakataa ubadilishaji huo, nakataa, na fedha hutoka vilevile. Utaratibu huu unaniudhi sana, kwani huwaumiza zaidi wageni wasioielewa lugha iliyoandikwa kwenye kioo, na swali hilohilo hurudi hotelini na madukani unapolipa kwa kadi.

Kwa kuwa benki nyingi hukata tozo isiyobadilika kwa kila muamala, ninatoa kiasi kikubwa mara chache badala ya kidogo kila siku. Kadi ya mkopo siitumii kutolea fedha taslimu, kwani kwa kawaida riba yake huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Kadi ya kujaza fedha niliipenda kwa usalama, maana ikipotea akaunti kuu inabaki bila kuguswa. Sikuridhika na makato ya kujaza, wala na makato ya kulirudisha salio lililobaki, na baadhi ya makampuni ya kukodisha magari hayaikubali kwa dhamana.

Yeyote anayebeba fedha nyingi taslimu afahamu kwamba kuingia au kutoka Marekani na zaidi ya dola 10,000, au Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi, si kosa ikiwa atatoa taarifa kwa forodha. Kosa ni kunyamaza. Dinari ya Tunisia hairuhusiwi kutolewa nje ya nchi hiyo, kwa hiyo risiti za ubadilishaji zihifadhiwe ili zisaidie kuirudisha kabla ya kuondoka. Sarafu za chuma karibu hazinunuliwi popote nje ya nchi yake. Mimi huzitumia zote pamoja na noti zilizobaki kulipia sehemu ya gharama ya hoteli siku ya mwisho, na kiasi kinachosalia nakimalizia kwa kadi.