Boss DS-1: pedali niliyoilaumu bure miezi miwili

Mimi ni mtu wa sebene. Kanisani napiga gitaa safi, lisilo na mkwaruzo hata kidogo. DS-1, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza sauti ya gitaa, niliinunua kwa sababu vijana wa kwaya yetu hapa Majengo, Goma, walitaka wimbo mmoja wenye gitaa la kunguruma. Mwenzangu aliyekuwa anahama mji aliniuzia yake kwa dola 35, rangi ya chungwa imeshachubuka pembeni. Pedali hii ilitoka 1978 na haina mambo mengi, vitufe vitatu vya kuzungusha: Tone ya ung'avu wa sauti, Level ya ukubwa wake, Dist ya kiasi cha mkwaruzo, basi.

Chumbani ilitisha. Nyumba yetu ni ya mbao, kuta zikatetemeka, mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama tumeleta mashine ya kusaga. Dist nilikuwa nimeizungusha hadi mwisho. Tukarekodi, tukasikiliza: nyuki ndani ya kopo. Besi na ngoma zilipoingia, hata nyuki hatukuwasikia tena.

Kumbe kosa ni langu. Ukikoroga sauti kupita kiasi inabanwa, ule mgongano wa kidole na uzi unapotea, na nguvu yote iko pale. Sasa Dist naiacha chini ya nusu, Tone vilevile. Halafu napiga kipande kilekile mara mbili, kimoja nakiweka kushoto, kingine kulia. Kupiga kweli, si kunakili. Ukinakili unapata gitaa lilelile moja, limepanda sauti tu. Zile tofauti ndogondogo za mkono ndizo zinazolipanua.

DS-1 hupunguza sauti za kati, na gitaa linaishi hukohuko. Kwa hiyo kwenye ampli napandisha Mid na kushusha Bass. Chini kule ni kwa mpiga besi, asije akanidai. Maikrofoni ni SM57 ya kanisa, vidole viwili kutoka kitambaa cha spika. Ikitazama katikati ya spika inauma masikio, ikisogea pembeni inalainika. Mtoto wa dada yangu anaisogeza, mimi nimevaa hedifoni.

“Tonton, hapa?”

“Rudisha kidogo. Kidogo, nimesema!”

Tulimaliza nusu saa kwa kazi hiyo tu, na ndiyo iliyouokoa wimbo.

Adapta nayo ina kisa. Niliinunua sokoni Birere. “Papa, hii ni original kabisa,” muuzaji akaniapia. Ilivuma kuliko gitaa lenyewe. Tafuta ya volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi yake, au weka betri kama mimi. Ila ukimaliza, chomoa waya kwenye tundu la INPUT: ukiuacha, pedali inaendelea kula betri hata taa ikiwa imezimika. Nimeua betri mbili hivyo.

Kwa dola 35 ningeinunua tena kesho. Jumapili inabaki kwenye mfuko. Sebene haina kazi nayo.