Uzoefu wangu: .30-06 kuukuu, dawa ya mtutu na risasi za kuunda nyumbani

Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma haya huku mnafanya mambo mengine. Bunduki yako ya kuwindia ikianza kutawanya risasi, safisha mtutu kwanza. Usafishe kwelikweli, kabla hujanunua darubini nyingine, kabla hujamlipa fundi abadilishe mtutu, na kabla hujaingia kwenye mambo ya mashine za kuundia risasi. Kwangu mimi usafi ndio uliofanya kazi kubwa. Kuunda risasi kulikuja kumalizia, nako kunasaidia, ila gharama na muda wake ni habari nyingine.

Bunduki yenyewe ni Remington 700 ya .30-06 (hilo ni jina la saizi ya risasi inayopiga), niliyoinunua mkononi kwa mtu huku Minnesota ninakoishi. Aina hiyo ilitoka 1962, na risasi yake ni ya zamani zaidi: jeshi la Marekani liliipokea 1906. Pamoja na uzee wake, hakuna duka la vifaa vya uwindaji huku linalokosa boksi zake, na kulungu wa mkia mweupe hahitaji kitu kikubwa kuliko hicho. Wakenya wenzangu msiniulize nilijifunzia wapi. Si nyumbani, kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Nimejifunza ukubwani, kwenye baridi.

Shida ilikuwa shabaha. Kwenye karatasi iliyowekwa yadi 100, yaani mita 91 hivi, na bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, risasi tatu zilikuwa zinaachana inchi tatu na nusu, siku mbaya nne. Bunduki ya kiwandani ya aina hii ikiwa nzima hutoa inchi moja na nusu au karibu na hapo. Fundi mmoja aliitazama kidogo akasema mtutu umekwisha, niubadilishe, na bei aliyonitajia ilikaribia ya bunduki yenyewe. Hilo halikuniingia akilini. Mtutu wa .30-06 huvumilia maelfu ya risasi kabla haujachoka, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa kupiga boksi moja kwa msimu, risasi ishirini basi.

Nikaanza na vitu vya bure: kukagua skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako, kisha zile za vishikio vya darubini. Skrubu iliyolegea inaweza kukuharibia shabaha na ukailaumu bunduki mwaka mzima. Zangu zilikuwa zimekaza. Basi ikabaki kutazama ndani.

Watu wengi wakisema wamesafisha bunduki, wamepitisha kitambaa chenye mafuta mara mbili tatu, kikatoka cheusi kidogo, wakaridhika. Hapo umeondoa vumbi na masizi ya juu tu. Ndani ya mtutu kuna uchafu wa aina mbili, na kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza ni masizi ya baruti, ambayo karibu na chemba (tundu la nyuma risasi inapokaa) huoka mpaka yakawa magumu. Wa pili ni shaba. Kichwa cha risasi kwa kawaida ni madini ya risasi yaliyovikwa koti la shaba lenye zinki kidogo, na koti hilo linaposukumwa kwenye mifereji ya mtutu kwa kasi ya mita mia nane na zaidi kwa sekunde, linaacha utando. Risasi inayofuata inaacha masizi juu ya shaba, nyingine shaba juu ya masizi, hivyo hivyo miaka nenda rudi. Ndiyo maana dawa moja haitoshi: ukiyeyusha tabaka la juu unakutana na la aina nyingine chini yake, dawa inakwama.

Kwa masizi nilitumia Hoppe's No. 9, dawa iliyoko sokoni tangu 1903 na ambayo wazee wa huku wanaipenda hadi harufu. Kwa shaba nilichukua dawa yenye amonia. Utaratibu wangu: vitambaa viwili vya dawa ya masizi, burashi, acha ikae, futa kwa vitambaa vikavu hadi vitoke safi, halafu dawa ya shaba, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, futa. Kisha unarudi mwanzo. Dawa ya shaba inapoipata shaba hugeuka rangi, na kitambaa changu cha kwanza kilitoka bluu ya wino wa shule, kimelowa chote. Hapo nikajua fundi hakutazama. Jambo la kuangalia: tumia burashi ya nailoni kwenye dawa hii. Burashi ya shaba nayo huyeyushwa, na utafukuza rangi ya bluu usiku kucha kumbe ni burashi yako inayolika.

Fungua madirisha, vaa glavu. Mama Salma alipita mlangoni akasimama, "Baba Salma, umefuga paka humu ndani?" Amonia ndivyo inavyonuka. Tangu siku hiyo kazi yote imehamia gereji. Na usiiache dawa ya amonia ilale ndani ya mtutu usiku kucha eti ikolee. Shika muda wa chupa, kisha futa, kausha, pitisha mafuta mepesi.

Ilinichukua jioni kadhaa mpaka kitambaa kikatoka bila bluu. Kazi yenyewe si ngumu ila inachosha kwa kurudiarudia, na nadhani hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakaenda kununua kitu kipya.

Kwenye vifaa, pesa yako iweke kwenye ufito wa kusukumia kitambaa na kiongozi chake. Nilikuwa na kile kisanduku cha bei rahisi chenye ufito wa alumini wa vipande vitatu vya kuungana kwa skrubu. Unajipinda ukiusukuma, na viungo vinakwaruza ukuta wa mtutu. Nimeutupa. Sasa natumia ufito mmoja mzima wa chuma uliovikwa plastiki, wenye mpini unaozunguka wenyewe kufuata mifereji, pamoja na bomba la plastiki linaloingia mahali pa bolti (chuma cha nyuma kinachofunga chemba) na kuushika ufito katikati. Bomba hilo linakaribia kuwa bure ukilinganisha na mtutu. Safisha kutokea nyuma kwenda mbele, kitambaa kikitoka mdomoni kivue hapo hapo kabla hujaurudisha ufito. Mdomo wa mtutu ndio mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma, na ukingo wake ukilika upande mmoja, gesi inatoka kwa kuegemea na risasi inapotoka njia. Ukikutana na bunduki ya zamani isiyolenga, uliza kama ilisafishwa miaka yote kutokea mbele.

Matokeo? Risasi zile zile za dukani, boksi la aina ile ile, zikaanza kukaa ndani ya inchi mbili, mara nyingine chini ya hapo. Sikugusa kitu kingine. Ila risasi ya kwanza baada ya usafi mkubwa ilienda juu kushoto, mbali na wenzake, na ya pili bado ilikuwa inatafuta njia. Mtutu mkavu usio na chochote, na hasa wenye mafuta, haupigi sawa na uliokwisha pitisha risasi chache. Kwa hiyo kabla ya msimu wa Novemba nasafisha mapema, napiga chache uwanjani zitulie, halafu siigusi tena ndani ya mtutu mpaka msimu uishe, isipokuwa imenyeshewa. Porini unapata risasi moja, na hiyo ya kwanza ndiyo inayotakiwa kwenda unakolenga.

Sasa kuunda risasi. Wale mlioko Kenya na Tanzania, sehemu hii isomeni kama hadithi tu: kuunda risasi bila kibali cha serikali huko ni kosa la kukufunga. Huku Marekani sheria ya taifa inamruhusu mtu kujiundia za kwake. Akitaka kuuza ndipo anahitaji leseni.

Kinachofanyika ni hiki. Ganda la shaba nyeupe lililokwisha pigwa halitupwi. Unaling'oa fataki (kidonge cha kuwashia baruti) iliyoungua, unalipitisha kwenye kalibu ya chuma kulirudisha umbo lake, unalipima urefu na kulikata likiwa limerefuka, unaweka fataki mpya, unamimina baruti iliyopimwa, unakaza kichwa. Faida kwenye shabaha inatoka kwenye ufanano. Kiwanda kinaunda risasi zitakazoingia kwenye kila bunduki ya .30-06 duniani. Wewe unaunda za bunduki moja, na kila moja ifanane na mwenzake.

Mashine yangu ni RCBS Rock Chucker, ya chuma cha kalibu, nzito, nayo niliinunua mkononi. Sina la kuilalamikia, nadhani itamfikia mjukuu. Kalipa, kifaa cha kupimia urefu, ni lazima: ganda la .30-06 halitakiwi kuzidi inchi 2.494, na kawaida hukatwa hadi 2.484. Shingo ikizidi, inabanwa mbele ya chemba, inashika kichwa kisitoke kwa urahisi, na presha inapanda vibaya. Risasi nzima nayo isipite inchi 3.340, la sivyo huenda isiingie kwenye magazini. Mizani ndiyo ilinisumbua. Ya dijitali niliyonunua kwa bei nafuu ilikuwa inahamahama, uzito ule ule inausoma tofauti ukiondoa kikombe na kukirudisha. Nikarudi kwenye mizani ya mkono, ile yenye mkono wa kusogezea uzito. Ni ya polepole, lakini inaposema sehemu moja ya kumi ya greni (kipimo kidogo cha uzito wa baruti na vichwa) unaiamini.

Kiasi cha baruti sikitaji hapa, na usikichukue kwa mtu yeyote wa mtandaoni. Kitoe kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, anzia chini, panda kidogo kidogo. Bolti ikianza kuwa ngumu kuinua, au uso wa fataki ukiwa bapa, simama hapo hapo. Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti, la pili libaki kabatini, na kabla ya kukaza vichwa mulika tochi ndani ya kila ganda uone baruti imefika kimo kimoja. Redio nazima. Simu naiacha ndani.

Baada ya kujaribu viwango kadhaa na vichwa vya greni 165, nikapata kimoja ambacho bunduki inakipenda: matundu matatu yanakaa ndani ya inchi moja, siku tulivu yanagusana. Inapendeza mno, siwezi kukataa. Lakini tuseme ukweli. Huku ninakowinda ni msituni, kulungu anaonekana yadi sitini, mara chache mia, na eneo la moyo na mapafu lina upana wa inchi nane hivi. Inchi mbili za risasi za dukani zinatosha na kubaki. Na anayekuambia utaokoa pesa, mwulize amenunua nini mwaka huu. Ukipiga hesabu ya mashine, kalibu, mizani na baruti, unaokoa miaka ya mbele, kama hukuanza kupiga mara mbili zaidi kwa sababu risasi ni za kwako.

Kwa hiyo ufito mzima, bomba la kiongozi na dawa mbili nazipa nyota tano bila kusita. Mashine na mambo yake nne, kwa mtu mwenye subira, meza isiyoguswa na watoto, na anayepiga mbali au anayependa kazi ya mikono. Mwingine anunue boksi za aina tatu tofauti dukani, azijaribu kwenye mtutu safi, achague iliyokaa pamoja. Na kama umeshasafisha hadi bluu imeisha, skrubu zimekaza, umejaribu risasi za aina zaidi ya moja, na bado zinaachana inchi tatu, hapo ndipo mpelekee fundi, umwombe aanze na ukingo wa mdomo wa mtutu. Kuukata upya ni bei ndogo kuliko mtutu mpya.