Hafla ya Tuzo ya Nyerere kwa Anayemsindikiza Mwandishi

Hafla ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyofanyika kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu, inastahili sifa kwa namna inavyompa mwandishi wa Kiswahili heshima ya kitaifa. Nilimsindikiza rafiki yangu mshairi, ambaye mikono ilimtetemeka tangu tulipoketi. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10, na serikali hugharimia uchapishaji wa kitabu chake. Naamini hilo la pili ndilo lililomkosesha usingizi, kwa sababu mswada uliolala kabatini hauna msomaji.

Wahudumu walitupokea kwa upole, na mashairi yaliyoghanwa kabla ya matokeo yalimtuliza kuliko maneno yangu yote. Anayemsindikiza mwandishi na ahakikishe amekula mapema, maana ratiba ni ndefu, kisha amketishe karibu na njia ya kwenda jukwaani. Jina la rafiki yangu halikutajwa, lakini mhariri mmoja alimfuata baadaye, akazungumza naye kwa kina kuhusu beti zake, na rafiki yangu tayari ameanza kuandaa mswada mwingine.