Kutazama ndege Ghuba ya Mnazi: mwongozaji hodari, ratiba isiyojua maji

Ziara ya kutazama ndege wahamao katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, niliyoilipia mwezi Januari, naipendekeza kwa sharti moja: usikubali kupangiwa saa na ofisi iliyokuuzia nafasi. Ofisi niliyoitumia mimi, iliyoko mjini Mtwara, huwafikisha wageni Msimbati, kijiji kilicho ndani ya hifadhi, saa 3 asubuhi na kutaka warudi mchana, iwe bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, au maji mafu, ambapo hujaa na kupwa kidogo. Mtu wa pwani anajua kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na wakati huo ndege hutawanyika hadi ukingo wa mbali wa tope, ambako hata kwa darubini huonekana kama vitone tu.

Kilichoiokoa siku yetu ni mwongozaji, mwenyeji wa Msimbati aliyewahi kuwa mvuvi, ambaye alizungumza na dereva kwa upole mpaka akakubali kusubiri. Nilipotaka kuteremka topeni, alinizuia. "Mwalimu, tusiwafuate," alisema. "Maji yenyewe yatawaleta." Tukakaa kwenye kivuli cha mikoko, na baada ya saa 6 maji yalipoanza kujaa, makundi ya vitwitwi yakawa yanasogezwa hatua kwa hatua kuelekea kwetu, yakiruka kwa pamoja na kutua tena kila sehemu ya tope ilipofunikwa. Sululu mmoja alifika karibu sana. Alizamisha mdomo wake uliopinda ndani ya tundu, akatoa kaa, akamtikisa kwa nguvu mpaka miguu ikakatika, kisha akammeza mzima.

Waliokuja baadaye ndio walionifanya nisahau joto: ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu na midomo minene kama koleo, ambao chakula chao kikubwa ni kaa. Nyuma ya mmoja wao alikuwapo kinda wa rangi ya kijivu, aliyekwisha kufikia kimo cha mzazi wake, akililia chakula, naye mzazi akampa. Mwongozaji alieleza kwamba ndege hawa, tofauti na sululu na vitwitwi wengi wanaoyakimbia majira ya baridi ya Ulaya na Siberia, hutoka pwani na visiwa vya Bara Arabu, ambako huchimba mashimo mchangani wakati wa joto kali na kutaga humo yai moja tu. Makinda huendelea kulishwa na wazazi hata baada ya kuhamia huku kwetu. Maelezo ya namna hii, yanayotolewa huku ndege mwenyewe akiwa mbele yako, ndiyo yanayostahili fedha.

Mambo mengine nitayataja kwa ufupi. Ada ya kuingia hifadhini haikuwamo katika bei tuliyotajiwa, na hilo lilipaswa kusemwa mapema. Maji ya kunywa yalitosha. Barabara ilikuwa na madimbwi, jambo la kawaida kwa kuwa mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, miezi ileile ambayo ndege hawa wapo. Darubini ya kukodi, hata hivyo, ilikuwa na ukungu katika lenzi moja, nami sioni sababu ya kuitoza fedha.

Ukitaka kwenda, chagua siku za bamvua, zilizo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, omba kwa maandishi mfike Msimbati saa 6 mchana na muondoke saa 10, kisha uvae kofia na viatu visivyong'oka topeni. Ofisi ikikataa kubadilisha saa, ni afadhali kufika Msimbati kwa usafiri wako na kuulizia mwongozaji kijijini.